Hoteli ya Nyota Tano Haipimwi kwa Kitanda, Inapimwa kwa Geti

Nairobi kuna shindano lisilo na refa. Kila wikendi mtu anaposti video akilinganisha hoteli kubwa za jiji: kitanda cha huku dhidi ya kitanda cha kule, bafe ya nani ina vyakula vingi, dimbwi la nani liko juu ya paa, bafu la nani ni kubwa kuliko keja yako. Mwishoni anatoa alama, tisa juu ya kumi, halafu wasee wanajaa kwa maoni wakisema siku moja watafika.

Video hizo nazitazama, na nyingine ni kali kusema kweli. Lakini kuna kitu kimoja karibu zote hazikipimi: mgeni anapokelewa vipi kabla hawajajua yeye ni nani? Msimamo wangu ni huu. Ukitaka kujua hoteli ya kifahari ni nzuri kiasi gani, usimwangalie aliyelipia chumba cha juu. Mwangalie aliyekuja kwa miguu, amevaa hudi, anataka chai moja tu na mahali pa kukaa.

Wengi wanaotengeneza hizo video huwa wamealikwa. Sina shida na hilo, kila mtu atafute riziki. Lakini aliyealikwa jina lake liko kwa geti tayari, meneja anamsubiri mlangoni, na sahani ya matunda iko chumbani na kikaratasi chenye jina lake. Huyo anatuonyesha vile mwaliko ulikuwa. Hoteli yenyewe hajaiona bado.

Nyota nazo hazitusaidii sana hapa. Kenya, nyota hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa vigezo ambavyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana. Wanaangalia jengo, vyumba, jikoni, usalama, huduma. Ni kazi muhimu, maana bila hiyo kila mtu angejipachika nyota zake. Lakini nyota zinakuambia hoteli ina nini. Hazikuambii soja atakutazama kwa jicho gani ukishuka mat na ukavuka barabara kuelekea kwake.

Kwa hivyo nilijipimia mwenyewe. Nimeingia hoteli tatu za nyota tano hapa jijini, mimi na rafiki yangu, kwa pesa zetu. Raba zilezile, hudi ileile, oda ileile ya chai. Majina sitaji, kwa sababu nikitaja mtaanza kubishana juu ya majina na hoja itapotea.

Ya kwanza tulifika kwa miguu kutoka steji. Soja akanyoosha mkono. "Mnaenda wapi?" Kunywa chai. "Mmebuku?" Nikamwambia kwa simu walisema mkahawa hauhitaji kubuku. Akaanza kuongea na redio yake. Tulisimama pale kama dakika saba, na kwa hizo dakika magari manne yalimulikwa chini kwa kioo, yakapigiwa saluti, yakaingia. Hakuna dereva aliyeulizwa kama amebuku. Wiki mbili baadaye tukarudi hapohapo, nguo zilezile, lakini ndani ya teksi. Kioo kikapita chini ya gari, buti ikafunguliwa, kisha: "Karibu sana, mkubwa." Mimi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kiti nilichokalia.

Ya pili ukaguzi ulikuwa mkali zaidi. Begi kwa mashine, mshipi utoe, simu weka kwa trei. Lakini mzungu aliyekuwa mbele yetu alifanyiwa hivyo, na mzee wa suti aliyekuwa nyuma yetu pia. Ndani, mhudumu alitusalimia, akatupa menyu, halafu akatuambia kitu ambacho sikutarajia: birika moja linatosha watu wawili, na ni nafuu kuliko vikombe viwili. Tulikaa saa mbili. Bili ilikuja tulipoiitisha.

Ya tatu ndiyo inayopendeza zaidi. Getini hakukuwa na noma. Lakini tulipewa meza karibu na mlango wa jikoni wakati meza za dirishani zilikuwa tupu. Meza ya jirani ilikuwa ya watalii, wakapewa "Jambo, karibuni Kenya" na tabasamu la meno yote. Sisi tukapewa "Ndio?" Bili ililetwa kabla vikombe havijaisha, na hakuna aliyekuwa ameiitisha.

Kwa alama za kawaida za video, ya tatu ingeshinda kwa mbali. Ina dimbwi, ina mandhari, ina taa zinazofanya kila selfi itoke fiti. Kwangu inashinda ya pili, ingawa viti vyake vimeanza kuchakaa. Pale tu ndipo nilikuwa mgeni kuanzia getini hadi bili.

Najua mtu atauliza: si usalama huo? Ndiyo, na sicheki na usalama. Januari 2019 magaidi walivamia hoteli ya DusitD2 pale Riverside, na watu 21 wakauawa. Westgate ilikuwa 2013. Soja anayepekua begi langu anafanya kazi inayoweza kuokoa maisha yangu, na kupekuliwa hakujawahi kuwa tusi. Tusi ni kuchagua nani wa kushukiwa kwa kuangalia viatu. Tena, kama unaamini hatari hufika kwa miguu pekee, hata usalama wenyewe hujauelewa.

Wala lawama zote sizimwagi kwa soja. Mara nyingi yeye hajaajiriwa na hoteli, ni wa kampuni ya ulinzi iliyopewa kandarasi. Mtu wa mapokezi anafunzwa kutabasamu, kutamka majina, kukumbuka mgeni anapenda kahawa ya aina gani. Soja anafunzwa kuzuia. Halafu yeye ndiye uso wa kwanza mgeni anaouona! Na mwenye gari akilalamika, soja ndiye anapoteza kazi. Mwenye raba akilalamika, hakuna kinachotokea. Soja amesoma hesabu hiyo vizuri. Anayepaswa kuibadilisha ni aliyemwandikia maagizo.

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito hivi? Kwa sababu jiji hili lina kumbukumbu. Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904, na kwa miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika aliingia hoteli kubwa za Nairobi akibeba trei au mzigo wa mtu. Machi 1922, watu walipokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe, walipigwa risasi karibu na hapo, na wanahistoria wameandika kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walifyatua. Sisemi hoteli za leo ndizo zile za 1922. Nasema swali la nani anaruhusiwa kukaa barazani si geni hapa, na jibu lake halifai kutegemea kama umekuja na gari.

Isitoshe, ramani imebadilika. Zamani hoteli kubwa zilikuwa katikati ya mji, mlango unafunguka kwa barabara ya watu wote. Hilton ilikuwa saa ya jiji na dira yake: "tukutane Hilton" ilisemwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga ndani. InterContinental ilifungwa 2020, Hilton ikafuata mwisho wa 2022. Stanley bado iko pale Kimathi Street, na mkahawa wake wa Thorn Tree, ambapo wasafiri walikuwa wakiachiana ujumbe kwenye mti. Lakini hoteli nyingi mpya za kifahari ziko Westlands, Upper Hill, Gigiri na Karen. Huko mlango hauuoni kutoka barabarani. Unaona ukuta, geti, na njia ya gari. Hoteli ikijengwa kwa ajili ya gari, anayetembea anaonekana kama amepotea.

Kuna wale watasema, kama huna doo ya kulala hapo si ukae kibandaski? Kibandaski napapenda, na chapati zake hakuna nyota tano inazifikia. Lakini chai ile nililipa, na VAT ya 16% ndani yake, bei ileile aliyolipa mtalii wa meza ya pili. Kama pesa yangu ni sawa, karibu yangu iwe sawa.

Na hoteli zinajua zinatuhitaji. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa hadi Agosti, na ghafla Mkenya akakumbukwa. Bei za wakaazi zikashuka, matangazo yakajaa watoto wa hapa wakicheka kando ya dimbwi. Tulikuwa wageni wazuri sana wakati hakukuwa na wageni wengine.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenzangu wa kontenti ni dogo. Kabla ya kitanda, tupimeni hivi. Nenda mara moja bila kualikwa na bila kutangaza. Fika kwa miguu. Angalia kama ukaguzi ni uleule kwa wote. Sikiliza salamu yako na salamu ya meza ya jirani. Angalia unaketishwa wapi wakati nafasi zipo, na bili inakuja lini. Halafu agiza kitu cha bei ya chini kabisa kwa menyu, uone kama tabasamu linabaki.

Baada ya hapo tuonyeshe kitanda, tuonyeshe dimbwi, tupe hiyo tisa juu ya kumi. Tutakuamini.

Na wewe unayesoma na hujawahi kuingia kwa sababu unadhani utarudishwa: chai ya huko ni ghali, sikudanganyi, changeni wawili. Vaeni vile mnavaa. Mkiulizwa mnaenda wapi, semeni kwa sauti ya kawaida, bila kuomba msamaha: "Tumekuja kunywa chai."