Jino Lililonyamaza Halijapona

Mgonjwa wa jino mara nyingi hufika kliniki akiwa ameshajitolea hukumu: "Daktari, ling'oe tu." Amekesha ameshika shavu, amemeza panado, amebana karafuu, na sasa hataki habari nyingine. Daktari naye ana foleni mlangoni. Muda si mrefu jino liko kwenye sahani.

Haraka hiyo ina gharama. Gego likitoka, jirani zake huanza kuegemea pengo, na lile la upande wa pili hurefuka kwa kukosa la kukutana nalo. Njia ya kulibakiza ipo, nayo ni kutibu mzizi, au ruti kanali kama wengi wanavyoiita.

Katikati ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Toboo likifika huko, bakteria huingia na kiini huvimba ndani ya chumba kisichotanuka. Ndiyo maana mtu mzima hulia usiku. Kisha siku moja maumivu hukoma, na mwenye jino hushukuru Mungu akarudi kazini. Kumbe neva imekufa, bakteria wazima. Wanashuka hadi nchani mwa mzizi, mfupa unalika polepole, hata usaha utokeze kwenye fizi.

Tiba yenyewe inatisha zaidi vibarazani kuliko kwenye kiti. Daktari hupiga eksirei, huchoma ganzi, hutandaza mpira kulizunguka jino ili mate yasiingie, halafu hutoboa kwa juu. Kwa vijisindano vyembamba vyenye makali hukwangua mifereji, akiisuuza kwa dawa ya klorini, ndugu wa ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la juu huwa na mitatu, mara nyingi minne, na huo wa nne ukirukwa ugonjwa unaweza kurudi. Hapa si mahali pa kulipua kazi. Mwisho mifereji huzibwa, na gego huhitaji kuvishwa kofia lisipasuke.

Wapo wanaoogopa kwamba jino lililotibiwa huleta maradhi ya moyo. Dai hilo lilivumishwa na daktari wa meno wa Marekani, Weston Price, miaka ya 1920. Tafiti za baadaye hazikulithibitisha, ila WhatsApp bado inalisambaza.

Kikwazo cha kweli ni pesa. Kutibu mzizi ni ghali kuliko kung'oa, na si kila bima inalipia. Tena si kila jino linaokoka: lililopasuka hadi mzizini litoke tu. Lakini bei ya kung'oa isitajwe peke yake, kana kwamba pengo ni la bure. Mgonjwa aonyeshwe eksirei yake, atajiwe na bei ya jino la bandia, ndipo aulizwe anataka nini.