Wajapani ndio waliopaswa kuiona kwanza filamu ya Mishima

Filamu "Mishima: A Life in Four Chapters" ya Mmarekani Paul Schrader ilitoka mwaka 1985 na kupata zawadi huko Cannes. Waigizaji wake ni Wajapani, na wanasema Kijapani. Lakini nchini Japani kwenyewe haikuingia katika majumba ya sinema. Mjane wa mwandishi Yukio Mishima aliipinga, na wazalendo wenye siasa kali walitoa vitisho.

Hofu hiyo inaeleweka. Tarehe 25 Novemba 1970, Mishima, mwenye umri wa miaka 45, aliingia na vijana wanne katika kambi ya jeshi mjini Tokyo, wakamshika jenerali mateka. Aliwahimiza askari waasi. Walimzomea, naye akajiua.

Hata hivyo, filamu haimsifu wala haimtukani. Inaunganisha siku hiyo, maisha yake ya nyuma na riwaya zake tatu, ili watu waone jinsi mwenye kipaji alivyomezwa na ndoto zake. Mjane alikuwa na haki ya kulinda heshima ya mumewe. Lakini kifo kilichofanywa mbele ya taifa zima hakiwezi kugeuzwa siri ya familia.