Ajali ya Narita: upepo hautoshi kulaumiwa

Machi 23, 2009 ndege ya mizigo ya FedEx aina ya MD-11, iliyotoka Guangzhou, China, ilidunda ikitua Narita, Japani. Bawa la kushoto lilivunjika, ndege ikapinduka na kuwaka moto. Marubani wote wawili walikufa.

Upepo ulikuwa mkali asubuhi hiyo, na wengi waliishia hapo. Jibu jepesi mno. Mwaka 1997 MD-11 nyingine ya kampuni hiyohiyo ilidunda na kupinduka Newark, Marekani. Wachunguzi walisema rubani aliirekebisha kupita kiasi na hakuirusha tena. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Lufthansa Cargo mjini Riyadh. MD-11 ina mkia mdogo kuliko DC-10 iliyoitangulia, tena hutua kwa kasi kubwa. Ndege tatu kudunda hadi kuvunjika ni suala la chombo na mafunzo kuliko hali ya hewa.

Na mwenye mzigo je? Wakati huo Mkataba wa Montreal ulimbana msafirishaji kulipa hadi SDR 17 tu kwa kilo, yaani kile kipimo cha fedha cha IMF. Tangu mwishoni mwa 2024 ni 26, kama dola 35 hivi. Kwa vitenge huenda zikatosha. Kwa simu za mkononi ni senti. Mkataba unamruhusu mtumaji kutangaza thamani ya mzigo na kulipia nyongeza. Wakala asipolitaja hilo, aulizwe kabla mzigo haujapimwa.