Mwalimu hawezi kula chaki

Wananchi wenzetu, wazazi, walimu, wanafunzi wa Goma na wa Nyiragongo,

Kila 30 Aprili, inchi yetu inafanya siku kuu ya elimu. Wakubwa wanasoma hotuba, wanasema mwalimu ni nguzo ya taifa, watu wanapiga makofi. Kesho yake ile nguzo inatoka Ndosho kwa miguu mpaka Katindo juu haina makuta ya moto. Inafika na jasho, inasimama mbele ya watoto wenye wanabanana watatu wanne ku banki moja, na inaanza kufundisha.

Leo tunataka kuongea juu ya huyu mwalimu, pamoja na karani wa shule, mwenye kufagia na zamu wa usiku, juu hao hata ku hotuba hawatajwi. Tena tunataka kuongea juu ya uongozi. Kila mara tukisema mshahara ni mdogo, wakubwa wanajibu kwamba makuta haiko, na mazungumzo yanaishia pale. Lakini mambo mengi yenye kumvunja mwalimu moyo hayaombe makuta. Yanaomba kiongozi mwenye kusema ukweli na kufungua daftari.

Tukumbuke kwanza tumefika namna gani hapa. Mwaka 1974 Mobutu alichukua mashule ya makanisa, akayafanya ya serikali. Ikashindikana. Tarehe 26 Februari 1977 wakasaini mkataba: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wakarudishiwa usimamizi, lakini mwenye kulipa mwalimu abaki serikali. Tangu ile siku mwalimu wa shule ya dini iko na wakubwa wawili. Akiuliza juu ya mshahara, kanisa linamtuma serikalini. Akiuliza juu ya kazi yake, serikali inamrudisha kanisani. Ku barabara ya katikati njo miaka yake inapotelea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Zaire ilipoanguka kiuchumi, mshahara wa mwalimu ulikuwa umekufa kabisa. Mgomo ukafunga mashule. Wazazi na makanisa wakakubaliana: mzazi atoe kitu kidogo ili mwalimu arudi mu kalasi. Tukaita ile kitu "prime". Ilipaswa kuwa dawa ya muda mfupi. Ikadumu karibu miaka 30. Na tuseme ukweli: bila mama wenye kuuza ndizi ku Virunga na baba wenye kusukuma chukudu, wengi wetu wenye tuko na diploma leo hatungejua kusoma. Wazazi maskini njo walibeba elimu ya inchi hii.

Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi akaanzisha elimu ya msingi ya bure, ile wote tunaita gratuité. Sisi tuliiunga mkono na tungali tunaiunga mkono. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ilishasema kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Miaka 13 serikali ilikuwa inaivunja. Watoto wengi wakaingia masomo kwa mara ya kwanza. Ni kitu kizuri, mtu asitudanganye kwamba ni kibaya.

Lakini angalieni namna iliongozwa. Mzazi akaambiwa asilipe tena, na mwalimu wa mji mwenye alikuwa anaishi kwa prime akapoteza sehemu kubwa ya mapato yake siku moja. Kalasi ikajaa maradufu, ukuta haukuongezwa, banki haikuongezwa. Ku sekondari wazazi wakaendelea kulipa. Basi mu shule za mji wetu, mwalimu wa msingi na wa sekondari wanaweza kupakana ukuta, mmoja iko na kitu cha wazazi, mwingine hana. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dolari milioni 800 kwa kusaidia elimu hii. Aprili 2021, Willy Bakonga, mwenye alikuwa waziri wa elimu wakati gratuité inaanzishwa, alihukumiwa Kinshasa miaka 3 ya gereza juu ya mambo ya kusafisha makuta. Wahenga walisema samaki huoza kuanzia kichwani. Hatukumbushe haya kwa kufurahia anguko la mtu. Tunayakumbusha juu mwalimu mwenye anaambiwa "vumilia, serikali ni maskini" anasikiliza redio, na anajua.

Sasa tuje ku kitu chenye kinauma zaidi: listi.

Mu Kongo, kufundisha na kulipwa ni mambo mawili mbalimbali. Kwanza unapewa barua ya kazi, unaanza kufundisha. Kisha jina lako lipande: toka kwa mkuu wa shule, kwa ofisi ya sous-division, ku jimbo, mpaka Kinshasa, ku ofisi yenye ilikuwa inaitwa SECOPE na leo inaitwa DINACOPE. Siku jina linaingia, umekuwa "mécanisé", unaanza kulipwa. Mbele ya pale wewe ni N.U., ni kusema mwalimu mpya, mwenye listi haimjue. Neno "mpya" ni mchezo. Kuko N.U. wenye wako na mvi. Kuko wenye walifundisha watoto, wale watoto wakamaliza, wakaoa, na mwalimu bado ni "mpya".

Mimi mwenye kuandika haya nilisoma pedagogia, nilipata diploma ya licence, na leo sina kazi. Nilifundisha kwa muda mu shule moja ya mji huu yenye sitaitaja. Tulikuwa wanne bila mshahara. Kila mwanzo wa mwaka tuliambiwa faili zimepanda. Siku moja listi ikashuka: kati yetu wanne hakuna hata mmoja, lakini kulikuwa jina la mtu mwenye hatukumuona hata siku moja na chaki mukononi. Tuliuliza. Tukajibiwa tusilete kelele, tungoje listi nyingine. Mmoja wetu leo anaendesha moto, mwingine anauza krediti za simu. Sikuandika hivi kwa kujililia. Naandika juu mwalimu yeyote wa Goma mwenye atasoma haya atasema: "Huyu anasimulia ya kwangu."

Hapa njo uongozi wa shule unaonekana. Mkuu wa shule, akuwe direkta ao prefe, hawezi kuongeza mshahara wa serikali. Hiyo tunaijua. Lakini yeye njo anaandika nani iko kazini na nani haiko. Yeye njo anajua kama jina fulani ni la mtu ao ni la kivuli. Yeye njo anapanga masaa, anagawa kalasi, anaandika noti za kazi za mwalimu.

Mukienda mashule mbili zenye hali moja ya umaskini, mutaona tofauti. Mu moja, direkta anaita walimu wote, anaonyesha makuta yenye imeingia na yenye imetoka, mwalimu mgonjwa anatafutiwa mwenzake wa kumshikia kalasi, mama mwenye amejifungua hasumbuliwi juu ya kupumzika kwake. Mishahara ni midogo, lakini walimu wanabaki. Mu ile nyingine, daftari ya makuta inalala mu mfuko wa mkubwa, mwenye kuuliza anabadilishiwa masaa mpaka anachoka, na mwenye kupeleka habari za wenzake anapewa kalasi nzuri. Pale walimu wanahama kila mwaka, na watoto wanabadilisha mwalimu kama shati. Mzazi analalamika kwamba mtoto hajui kusoma, lakini haulize juu ya nini mtoto alipita kwa walimu watatu mu mwaka mmoja.

Na wafanyakazi wengine? Karani mwenye anaandika mabuletini ya mamia ya watoto kwa mukono. Mama mwenye kufagia vumbi ya volkano kila asubui. Zamu mwenye analala ku mlango mu mji wenye masasi yanalia usiku. Wengi wao hawako ku listi yoyote. Wanalipwa kwa kile mkuu wa shule anapata, akikipata, akitaka. Hawana sendika yenye kuwataja. Wakati walimu wanagoma, huyu zamu anabaki pale kulinda mabanki, na hakuna mtu anamuuliza kama watoto wake wamekula.

Tuseme pia juu ya mgomo. Walimu wanarudilia kila mara jina moja, Bibwa, mahali kule Kinshasa kwenye serikali na masendika walisaini makubaliano. Ahadi ni deni. Septemba 2024, masomo yalipoanza, walimu wengi, zaidi huku mashariki, walikataa kuingia mu kalasi. Walidai mwalimu wa chini afike sawa na dolari 500 ku mwezi. Watu wakawatukana, wakasema wanaharibu mwaka wa watoto. Lakini Katiba, kifungu cha 39, inatambua haki ya kugoma, na kifungu cha 36 kinasema mfanyakazi alipwe kwa namna yenye itamuwezesha yeye na familia yake kuishi kwa heshima ya mtu. Mwalimu mwenye anadai hiyo anafundisha sheria mbele ya watoto wake.

Kisha Goma yetu. Nani anaweza kufundisha mu mji huu pasipo kuwa na moyo mgumu? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, siku chache baadaye mji ukaombwa kuhama, walimu wakatembea na wanafunzi wao mpaka Sake. Kutoka 2022 vita ikasukuma watu Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Mashule mengine yakageuka makao ya wakimbizi, na kati ya wale wakimbizi kulikuwa walimu. Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 ikakamata mji, maiti zikalala mu barabara, mabenki yakafunga. Mu Februari watoto wakaitwa kurudi masomo.

Lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa unapitia ku benki. Benki ikifungwa, mwalimu anafanya nini? Anatafuta kutoa ku simu, na mwenye makuta mukononi anamkata sehemu. Ao anatafuta njia ya kwenda mbali kwenye benki iko wazi, na kusafiri kunakula ile yenye alikuwa anafuata. Wakubwa wa pande zote mbili wanaitaja Goma kila siku mu redio. Kinshasa inasema Goma ni yake. Wenye silaha wanasema wanaiongoza. Vizuri. Mwenye kusema mji ni wake, aseme pia mwalimu wa mji huu ni wa nani.

Kuko wenye watatujibu: inchi iko mu vita, mwalimu avumilie, kufundisha ni wito. Tunawaheshimu, lakini hatukubali. Padri naye iko na wito, na anakula. Hatujasikia hata siku moja mbunge wa Kinshasa akiitwa N.U., akiambiwa akae ku bunge miaka kumi bila mshahara akingojea listi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na vita njo sababu ya kumlinda mwalimu zaidi: kijana mwenye hana shule mu Nord-Kivu, wote tunajua nani anamngojea pa kona na bunduki.

Kwa hiyo tunasema wazi:

1. Kila shule ya Goma na Nyiragongo ibandike ku ukuta listi ya wafanyakazi wake: nani analipwa na serikali, nani halipwi, tangu mwaka gani. Karatasi moja na gundi. Haiombe bajeti. Jina la kivuli litaogopa ukuta.

2. Makuta yote yenye inaingia ku shule, ya serikali ao ya wazazi, isomwe kila muhula mbele ya walimu na komite ya wazazi. Mkuu wa shule mwenye anafanya hivyo tayari, tunamshukuru, wengine wamfuate.

3. DINACOPE iingize N.U. kwa kufuata mwaka wa kuanza kazi. Mwenye amengojea zaidi aingie mbele.

4. Kinshasa na wenye kushika mji wakubaliane juu ya njia moja ya kumfikishia mwalimu mshahara wake mzima, pasipo kukatwa njiani. Kama wanaweza kukaa meza moja Doha juu ya mambo yao, wanaweza kuongea juu ya mwalimu.

5. Karani, mwenye kufagia na zamu waandikwe, walipwe, watajwe.

6. Mwalimu yeyote asitishwe ao kuhamishwa juu aliuliza swali.

Kwa wazazi: musingoje mtoto aanguke njo muende ku shule. Nendeni mu mkutano wa komite, ulizeni karatasi, ulizeni kwa adabu lakini musitoke bila jibu. Kwa walimu: tunajua woga wenu, tunajua nani anaandika noti zenu. Basi musiulize mmoja mmoja. Ulizeni wote siku moja. Kwa vijana wenzetu wenye diploma na wenye hawana kazi: musione mwalimu kama mtu mwenye alishindwa maisha. Wewe unasoma haya juu mmoja wao alikufundisha a, e, i, o, u, na pengine siku ile alikuwa hajakula.

Sisi tutapita ku mashule, kartie kwa kartie, kuangalia ukuta. Shule yenye imebandika listi, tutasema. Yenye haijabandika, tutauliza juu ya nini. Hatuna silaha, hatuna makuta. Tuko na macho, miguu na kalamu, na ile kalamu tulifundishwa kuishika na mwalimu.