Hisa, deni na migodi yetu: nani analipwa kwanza?

Kila mara habari za bati la Bisie, kule Walikale, zinaposikika hapa mjini Goma, wakaaji wanarudilia swali moja: ule mgodi ni wa nani?

Jibu liko katika hisa, zile wengi wanaita aksyo. Hisa ni kipande cha kampuni. Alphamin Bisie Mining iko na wenye hisa watatu: kampuni Alphamin, asilimia 84,14, shirika IDC la Afrika Kusini, asilimia 10,86, na serikali ya Congo, asilimia 5. Alphamin nayo hisa zake zinauzwa sokoni Canada na Johannesburg. Mwaka 2025, IRH ya Abu Dhabi ilinunua karibu asilimia 56 ya hisa hizo. Jina la mgodi halikubadilika, lakini mwenye neno kubwa ni mwingine.

Kampuni inaweza pia kutafuta makuta kwa kuuza karatasi za deni, yaani obligasio. Mwenye kuinunua hakuwa mwenye kampuni, amekopesha tu. Faida ikikosa, mwenye hisa anangoja. Mwenye obligasio hangoji: anadai riba na makuta yake.

Banro ilifundisha somo hilo. Ilichimba zahabu Twangiza, Kivu Kusini, na Namoya, Maniema. Mwaka 2012 iliuza obligasio za dola milioni 175, kwa riba ya asilimia 10. Ni kusema dola milioni 17,5 kila mwaka, zahabu ipande ama ishuke. Mwaka 2013 bei ilianguka sana. Mwisho wa 2017 Banro ilikimbilia ulinzi wa tribinali huko Canada. Mwaka 2018 wenye kudai ndio walichukua kampuni. Wenye hisa wa zamani walitoka mikono mitupu.

Kwa mkaaji wa Walikale, hii inamaanisha nini? Ile asilimia 5 ya serikali ni hisa: inaleta kitu wakati tu kampuni inagawa faida. Haki yake ya karibu iko fasi ingine, kwenye redevanse. Kodi hiyo inahesabiwa juu ya bei ya madini yenye kuuzwa, faida iwepo ama isiwepo. Sheria ya 2018 inaigawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ama usheferi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Basi, mbele ya kuuliza mgodi ni wa nani, mkaaji aulize kwanza: ile 15 iliingia wapi?