Usikate Waya

Usiku wa Jumanne moja mwezi wa nne, saa tisa na dakika kadhaa, alamu ya gari ililia kwenye maegesho ya ploti yetu hapa Roysambu. Sikufungua macho. Nilipapasa rimoti chini ya mto, nikabonyeza, nikageukia ukuta. Ikaendelea. Nikabonyeza tena, nikatukana kidogo, nikavuta blanketi hadi masikioni. Baada ya dakika chache ikanyamaza yenyewe, nikalala fofofo.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mathe wa namba kumi na mbili, anayeuza nguo za watoto Gikomba na kubeba mzigo wake kwa kagari ka zamani. Asubuhi tulikuta dirisha limevunjwa, vioo vyote viwili vya pembeni vimeng'olewa na mifuko miwili ya mali haipo. Betri nayo ilikuwa imeenda. Ndiyo maana alamu ilinyamaza: haikuchoka kulia, ilikatwa pumzi.

Ploti ina nyumba ishirini na nne. Hakuna hata mtu mmoja aliyechungulia. Soja alikuwa macho getini, na nilipomuuliza kwa nini hakuzunguka nyuma kuangalia, alinijibu kwa upole ambao bado unaniuma: "Nilijua ni ile yako, boss."

Ile yangu. Niwaeleze basi kuhusu ile yangu, kwa sababu nina neno la kusema na wenye magari wa mji huu, na sitaki mtu adhani nanyooshea wengine kidole nikiwa msafi.

Ninaendesha Toyota 86 ya mwaka wa 2014. Milango miwili, chini chini, viti vya nyuma ambavyo hata mtoto wa darasa la pili atalalamika. Nililinunua mwaka wa 2021, likiwa bado ndani ya ile kanuni ya miaka 8 ya magari ya mtumba yanayoingia nchini. Nililipenda kabla sijalikalia. Kosa nitakalosimulia si la gari. Alamu ilifungwa hapa hapa Nairobi, kama magari mengi yanayoshuka Mombasa kutoka Japani yanavyofungiwa: sanduku dogo chini ya dashibodi, kihisi cha mtikisiko, king'ora ndani ya boneti, na swichi ndogo ya kujua kama boneti imefunguliwa.

Novemba, mvua za vuli zilipoanza, ilianza kulia usiku bila sababu. Si kila usiku. Leo inalia mara mbili, kesho kimya, keshokutwa kimya, halafu siku ya tatu inaamsha mtaa mzima. Kama ingelia kila siku, ningeishughulikia kama mtu mzima. Lakini hitilafu ya kuja na kwenda ina ujanja wake: kila ikienda, unajiambia imepona.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya sentensi yangu, akasema, "Hiyo ni betri, boss." Hakuipima. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma karibu volti 12.6, na ikifika 12.0 ujue imebaki na kidogo sana. Kuipima huchukua dakika moja. Wazo lake halikuwa la kijinga, maana umeme ukishuka alamu nyingine huchanganyikiwa. Ujinga ulikuwa kutopima. Nililipa 11,500, akabaki na betri yangu ya zamani "anitupie". Halafu Januari ikaja na jua lake, alamu ikanyamaza, nami nikamsifu yule fundi kwa kila rafiki. Mvua ndiyo iliyokuwa imeisha. Sifa akachukua yeye.

Machi mvua ilirudi, na kelele nayo. Fundi wa pili akasema sanduku la alamu limezeeka. 14,000. Alifunga sanduku jipya, akaliunganisha na swichi zile zile za zamani. Ni kama kubadilisha mlinzi ukamwachia yule mpya mbwa yule yule mwongo. Wiki ya pili tu, saa nane usiku, tulikuwa tulipokuwa.

Wa tatu hakujisumbua na nadharia. "Tukate waya ya king'ora, ulale." Nikasema sawa. Wala sikumuuliza swali. Alichukua koleo, akakata, na king'ora kikapiga mayowe kuliko siku zote, kwa sababu kilikuwa na betri yake ndani. Vingine hutengenezwa hivyo makusudi, mwizi asikinyamazishe kwa kukata waya. Watu walitoka vibandani na vikombe vya chai kuja kutazama. Nilimlipa elfu moja aniunganishie tena.

Jumla: 26,500. Na kila usiku wa kelele, watu wa nyumba ishirini na nne, wake kwa waume na watoto wenye shule asubuhi, walikuwa wanafunzwa somo moja: sauti hiyo haina maana. Nilikuwa mwalimu mzuri. Kufikia Aprili darasa zima lilikuwa limefaulu, soja akiwa wa kwanza.

Baada ya gari la mathe kuvunjwa ndipo nilipoenda Kirinyaga Road, pale wengi bado wanaita Grogan, kwa fundi wa stima niliyeelekezwa. Nilitarajia afungue boneti. Akakaa juu ya tairi, akaniuliza: Inalia saa ngapi? Inalia ukiwa umeendesha siku hiyo, ama hata ikiwa imelala? Kumenyesha? Ukiizima, ile taa ndogo ya dashibodi inamemeta mara ngapi?

Sikuwa na jibu hata moja. Miezi mitano ya kero, pesa zote hizo, na sikuwa nimewahi kuitazama hitilafu yangu usoni. Nilijua tu kwamba inanikera.

Akanirudisha nyumbani. "Andika kwa simu wiki moja, halafu uje. Na usome karatasi iliyokuja na hiyo alamu." Akataka 1,500. Nilianza kubisha: umefanya nini sasa? Hujashika hata spana! Akanitazama tu. Niliona aibu, nikalipa.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana nanyi, na nami mwenyewe nikiwemo.

Sisi tunalipa kitu, hatulipi akili. Fundi akikuonyesha boksi jipya lenye nembo, mkono unaingia mfukoni bila swali, hata kama boksi lenyewe halikuhitajika. Akikuambia ametumia saa mbili kutafuta chanzo na amepata waya iliyochubuka, unamwambia, "Kwani waya ni pesa ngapi?" Halafu tunashangaa kwa nini mafundi wanabahatisha. Wanabahatisha kwa sababu kubahatisha ndiko tunakokulipia. Tumewafundisha, kama nilivyomfundisha soja.

Najua utakalosema. Utasema fundi wa jua kali hana nafasi ya kukaa na gari lako usiku tatu, ana kodi na watoto, na kama hajauza kitu leo hali. Kweli. Basi mlipe kwa kutafuta, hata siku ambayo hajauza kitu. Utasema pia hakuna muda, gari ni la kazi. Mimi nilipoteza miezi mitano kwa kukosa wiki moja.

Ile wiki moja ilifanya hivi. Niliandika usiku nane. Alamu ililia usiku nne, yote kati ya saa nane na saa kumi na moja, na yote ilikuwa siku nilizorudi jioni kwenye mvua. Wikendi gari lilipobaki pale pale, likiwa kavu, kimya. Taa ya dashibodi ilimemeta mara nne kila mara, na karatasi ambayo nilikuwa nimeitupa kwenye droo bila kuisoma ilisema kwamba kwa alamu yangu mara nne ni boneti. Alamu ilikuwa inaniambia shida iko wapi tangu Novemba. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Fundi hakuamini upesi hata hapo. Kwanza alichomoa kihisi cha mtikisiko, tukangoja mvua. Ikalia. Si kihisi. Akakirudisha, akatenga swichi ya boneti peke yake. Usiku nne za mvua, kimya kabisa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha vitu vitatu pamoja na kelele ikaisha, hujui ni kipi kilichokuponya, na ikirudi unaanza mwanzo.

Ndipo akaitoa swichi. Kidude cha urefu wa kidole, pini na springi, na kofia ya mpira ya kuzuia maji. Kofia ilikuwa imepasuka. Ndani kulikuwa na matope ya Thika Road na kutu ya kijani. Boneti ikifungwa, pini inabonyezwa na mguso unaachana na bodi ya gari. Boneti ikifunguliwa, unagusa bodi, alamu inajua. Sasa maji na kutu vilikuwa vinaunganisha kile ambacho pini ilikuwa imekitenganisha. Injini ikiwa moto, unyevu unakauka. Usiku chuma kikipoa, unyevu unarudi kuwa maji, na alamu inaapa kwamba kuna mtu amefungua boneti. Haikuwa na wazimu. Ilikuwa inaambiwa uongo, nayo inaurudia kwa uaminifu.

Aliirudisha, akafunga boneti, akawasha alamu, akamwagia pale maji ya chupa. Sekunde chache, ikalia. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Sasa tumeijua," akasema. Hitilafu usiyoweza kuiita ikaja, bado hujaijua, unaikisia tu. Swichi mpya ilikuwa shilingi 300.

Kuna rafiki yangu anayesema somo la hadithi hii ni kwamba alamu ni upuzi, ning'oe yote nifunge traka. Nimemwambia hapana. Traka itaniambia mimi gari langu liko wapi. Haitamwamsha jirani. Alamu ni ahadi kati ya watu wanaokaa pamoja: mimi nitapiga kelele kukiwa na sababu tu, na wewe utachungulia dirishani. Mimi ndiye niliyevunja ahadi, nikavunja na masikio ya wengine. Pesa iliyopotea kwa mafundi ni yangu. Masikio ya ploti hayakuwa yangu kuyaharibu, na mali iliyolipia deni hilo ilitoka kwa mathe.

Kwa hivyo wewe mwenye gari ambalo mtaa mzima unalijua kwa kelele zake, usiwaambie watu "zoeeni". Watazoea, na siku moja kuzoea kwao kutamfikia mtu asiyekukosea. Usimwambie fundi akate. Mwambie apime, mwambie akuulize maswali, umlipe kwa maswali hayo. Na kabla hujaenda kwake, shika simu uandike: saa, mvua, joto, gari lilitoka ama lililala, taa imememeta mara ngapi. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna fundi anayeweza kukufanyia, kwa sababu saa tisa usiku ni wewe uliye nyumbani.

Nilipanda hadi namba kumi na mbili kumweleza mathe. Nilisema yote, hata ile ya kubonyeza rimoti mara mbili na kugeukia ukuta. Nilimpa pesa za vioo na betri, akazihesabu mbele yangu, akazikubali. Mali ya Gikomba akasema niache, hiyo nisingeiweza. Halafu akaniuliza, "Na sasa ikilia, tutajuaje ni ya ukweli?"

Nilimwambia nimeitengeneza. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia hilo Januari pia.

Sasa ni wiki ya sita. Mvua imenyesha mara nyingi, na gari halijalia hata mara moja. Juzi usiku ilisikika alamu ya ploti ya jirani. Niliamka, nikavaa viatu, nikashuka hadi getini. Soja alikuwa amekaa pale pale, hajainuka.

"Si yako hiyo," akaniambia.

"Najua," nikasema. "Twende tuangalie."