Upepo na Risasi ya Mbali

Mkulima wa Kimumu, karibu na Eldoret, apepetapo maharagwe yake huona makapi yakichukuliwa mbali na upepo, nazo punje zikianguka pale pale. Wengi hudhani kuwa risasi nayo, kwa kuwa ni nzito na yaenda mbio, haichukuliwi na upepo hata kidogo. Sivyo.

Risasi ya milimita 7.62 ikipigwa huko pwani, shabaha ikiwa mbali yadi 300, na upepo wa maili 10 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, hupotoka kadiri ya inchi 7. Kwa yadi 600 mtu angetazamia inchi 14. Lakini hupotoka inchi 30 hivi. Sababu ni kwamba hewa huipunguzia risasi mwendo, na kadiri inavyozidi kukawia njiani, ndivyo upepo unavyozidi kuipotosha.

Kimumu iko juu ya bahari yapata futi 7,000, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo huko risasi hupotoka pungufu, kadiri ya moja ya tano. Askari aliyejifunza Mombasa, akiitumia Kimumu hesabu ile ile ya pwani, atapita kiasi.

Ufundi wenyewe ni huu. Kwanza, mpigaji hutazama majani, moshi na vumbi, tangu alipo hata kwenye shabaha. Upepo ulio karibu naye ndio wa kuangaliwa zaidi, maana kosa lianzalo mapema hukua njia nzima. Pili, hutazama upepo utokako. Wa ubavuni huhesabiwa wote. Wa mshazari, wenye pembe ya digrii 30 na mstari wa shabaha, huhesabiwa nusu. Wa usoni au wa mgongoni haupotoshi kando. Tatu, hulenga upande ule upepo utokako, kwa kadiri aliyoihesabu.

Jambo hili si mchezo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na kwa sheria bunduki ni za askari na wenye leseni. Risasi iliyokosa shabaha yaweza kwenda zaidi ya maili 2, na Kimumu ya leo ina nyumba nyingi. Asiyeweza kuupima upepo, au asiyejua kilicho nyuma ya shabaha, hana budi kuishusha bunduki yake. Kungoja si aibu. Risasi ikiisha kutoka hairudi.